Dawa Iliyotangulia Kisu

Mwezi Agosti 1871 Waarabu wa Unyanyembe walitoka Tabora kwenda kumpiga Mirambo, mtemi aliyewafungia njia ya Ujiji. Kikosi kimoja, kikiongozwa na Soud bin Sayd bin Majid, kilifika Ulyankulu, kikavunja boma na kujitwalia pembe za ndovu, nguo na mateka. Kilipokuwa kikirudi, kimelemewa na ngawira, watu wa Mirambo waliojilaza katika majani marefu kandokando ya njia wakainuka na kukivamia, na Soud akawa miongoni mwa waliouawa. Henry Morton Stanley, aliyejiunga na Waarabu katika vita hivyo, aliandika habari zake, na kama ilivyo desturi ya waandishi wa vita akahesabu wafu na mali iliyopotea. Habari za majeruhi wa tumbo hazihitaji kuandikwa ili tuzijue. Risasi ya mguu ingeweza kumwacha mtu kiwete, na ya bega ingeweza kutoka yenyewe na usaha. Risasi iliyotoboa utumbo ilimpa mtu siku chache tu: tumbo gumu kama ubao, homa, kutapika, kisha kimya. Wala msiba huu haukuwa wa Unyamwezi peke yake. Karibu miaka thelathini baadaye, katika vita vya Makaburu huko Afrika Kusini, daktari mkubwa wa upasuaji wa Uingereza, William MacCormac, alikuwa bado anafundisha kwamba aliyepigwa risasi ya tumbo akipasuliwa hufa, na akiachwa huenda akapona. Aliyesema hivyo hakuwa mganga wa kijijini asiye na vifaa. Alikuwa na kisu kikali, klorofomu na dawa ya kuoshea vidonda, na bado alishauri kisu kikae kwenye ala yake.

Leo daktari msaidizi katika hospitali ya wilaya anaweza kufungua tumbo, kukata kipande cha utumbo uliooza, kuunga ncha mbili, na kumruhusu mgonjwa aende nyumbani kwa miguu yake. Ukiuliza nini kilichobadilika, watu wengi watajibu: antibiotiki. Jibu hilo ni nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo inayogharimu maisha. Antibiotiki zilikuwapo kwa zaidi ya miaka ishirini kabla madaktari hawajajua namna ya kuzitumia kukinga kidonda cha utumbo, na kwa muda huo wengi wao waliamua kwamba kwa kazi hiyo hazifai. Kilichokosekana kilikuwa saa ya kuzitoa. Misafara ya Wanyamwezi ilijua umuhimu wa mpangilio: kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, na bendera yake na nguo yake nyekundu, alitembea mbele ya mizigo yote, na msafara ambao kirangozi wake alibaki nyuma haukuwa msafara tena bali kundi la watu waliopotea. Historia ninayoisimulia hapa ni ya dawa iliyowekwa nyuma ya msafara kwa miaka mingi, na ya watu waliogundua kwamba inafaa kutembea mbele.

Njia hiyohiyo ya Tabora ilipitisha kisa mashuhuri cha utumbo katika karne ya 19. David Livingstone alikaa na Stanley Kwihara, karibu na Tabora, mwaka 1872, kisha akaondoka kuelekea kusini akiwa tayari anatoka damu tumboni. Alikufa mwanzoni mwa Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo sasa ni Zambia. Wenzake waliamua kuupeleka mwili pwani, na kazi ya kuufungua akapewa Farijala, aliyewahi kumtumikia daktari Unguja na kuona maiti zikifunguliwa. Alitoa moyo na matumbo vizikwe hapo hapo chini ya mti, na upande wa kushoto wa tumbo akakuta bonge la damu iliyoganda, kubwa kama kiganja cha mtu. Watumishi wake Susi na Chuma, pamoja na wenzao, waliufikisha mwili Unyanyembe mnamo Oktoba 1873. Msafiri Mwingereza Verney Lovett Cameron, aliyekutana nao huko, aliwashauri wauzike hapo. Wakakataa, wakaendelea na safari hadi pwani. Kwa wakati ule, watu waliosafiri barabara hiyo waliuona utumbo kwa ndani pale tu mwenyewe alipokuwa amekwisha kufa. Kwa aliye hai ulikuwa mlango usiofunguliwa, na sababu haikuwa ujinga wa mkono.

Kwamba mikono haikuwa mijinga kunathibitishwa na kisa cha Bunyoro. Mwaka 1879 Robert Felkin, kijana wa Kiingereza aliyekuwa akisomea udaktari, alishuhudia huko Kahura mtaalamu wa kienyeji akimtoa mtoto kwa kumpasua mama tumbo. Mama alileweshwa kwa pombe ya ndizi. Mikono ya mpasuaji na tumbo la mama vikaoshwa kwa pombe hiyohiyo. Damu ikazuiwa kwa chuma cha moto. Kidonda kikabanwa kwa misumari myembamba ya chuma na nyuzi za gome la mti. Mama alipona, na Felkin akaichapisha habari hiyo mwaka 1884. Wengi huitaja kama maajabu, lakini ni sahihi zaidi kuitaja kama utaratibu: pombe ilitangulia kisu. Linganisha na yaliyompata Ebenezer Southon, daktari wa misheni ya London aliyeweka kituo chake Urambo kwa Mirambo mwaka 1879. Mwaka 1882 bunduki ilifyatuka kwa bahati mbaya ikamjeruhi mkono. Daktari pekee wa mahali pale alikuwa ndiye mgonjwa. Mkono ulikatwa, lakini hakupona, akafa Julai ya mwaka huo. Risasi haikugusa moyo wala tumbo. Mtu aliyejeruhiwa kiungo, mwenye elimu ya udaktari kichwani, alikufa katika nchi ya mtemi aliyempenda na kumlinda, kwa sababu kati ya jeraha na kupona palikuwa na kitu ambacho kukata mkono peke yake hakukiondoi.

Joseph Lister alikuwa amekwisha kukitaja kitu hicho mwaka 1867: vijidudu. Dawa yake ya kaboliki, na baadaye vyombo vilivyochemshwa, glavu na barakoa, viliwezesha mifupa, ngiri na matumbo ya uzazi kupasuliwa bila usaha kuwa jambo la lazima. Utumbo mpana ulibaki nje ya neema hiyo, na sababu yake ni rahisi kuliko inavyodhaniwa. Somo la Lister linahusu adui aliye nje: kwenye mkono wa daktari, kwenye kisu, kwenye ngozi, hewani. Utumbo mpana una adui wake ndani. Katika gramu moja ya kinyesi mna bakteria mabilioni mengi, na wengi wao hawaishi penye hewa, kwa hiyo hata maabara za zamani ziliwapitia bila kuwaona. Unaweza kuchemsha kila chombo na kuosha kila kidole, lakini dakika utakapokata utumbo ili uunge upya, mgonjwa mwenyewe anakumwagia kwenye kidonda kile ulichotumia saa nzima kukizuia kisiingie. Hii ndiyo sababu hata Edward wa Saba, ambaye kutawazwa kwake kuliahirishwa Juni 1902 kwa ugonjwa wa kidole tumbo, hakukatwa kidole tumbo hicho: Frederick Treves alifungua jipu, akatoa usaha, basi. Kwa utumbo wa mfalme busara ilikuwa kufanya kidogo iwezekanavyo.

Dawa za salfa zilipokuja katika miaka ya 1930, na penisilini ikafuata katika miaka ya 1940, ilionekana mlango sasa utafunguka. Haukufunguka. Penisilini ya mwanzo ilikuwa dhaifu mbele ya bakteria wengi wa utumboni. Dawa za salfa za kumeza, na baadaye neomaisini, zilipunguza baadhi ya vijidudu kinyesini lakini ziliwaacha wale wasiohitaji hewa. Kosa kubwa zaidi lilikuwa la ratiba. Desturi ilikuwa kumpasua mgonjwa, kumrudisha wodini, kisha kumwanzishia sindano zitakazoendelea siku tano, saba au kumi. Madaktari walipohesabu matokeo katika miaka ya 1950 wakakuta waliopata dawa hawana nafuu kuliko wasiopata, na mahali pengine wana hali mbaya zaidi, maana dawa walipewa hasa wale waliokuwa na vidonda vichafu. Wengi wakahitimisha kwamba kukinga kidonda kwa antibiotiki ni uvivu wa daktari asiyejua kupasua kwa usafi. Hukumu hiyo ilikuwa na heshima yake. Ilitokana na hesabu, si na uvumi; ila ilihesabu jambo ambalo halikuwa limejaribiwa ipasavyo.

Jaribio lenyewe lilifanywa kwa simbilisi. Ashley Miles na wenzake huko Uingereza walikuwa wameonyesha mwaka 1957 kwamba mwili una muda mfupi wa kujitetea pale bakteria wanapoingia kwenye ngozi, na kwamba yanayotokea katika saa hizo chache huamua ukubwa wa kidonda cha kesho. John Burke, daktari wa upasuaji wa Boston aliyefanya kazi na kikundi hicho, aliendelea na wazo hilo na mwaka 1961 akachapisha matokeo yake. Aliwachoma simbilisi bakteria ngozini, akawapa antibiotiki kwa nyakati tofauti: wengine kabla, wengine papo hapo, wengine saa moja baadaye, mbili, tatu na kuendelea. Waliopata dawa kabla au wakati uleule hawakuwa na uvimbe mkubwa kuliko ule unaoletwa na bakteria waliokwisha kufa. Kadiri dawa ilivyochelewa ndivyo uvimbe ulivyokua, na ilipofika saa ya tatu dawa haikuwa na faida tena: kidonda kilikuwa sawa na cha mnyama ambaye hakupewa kitu. Ukifikiria kinachotokea kwenye mshono utaona ni kwa nini. Kisu kinapopita, mishipa midogo hujifunga, damu huganda, na bonge hilo hufungia ndani yake kila kijidudu kilichoanguka. Dawa iliyokuwa tayari kwenye damu huingia ndani ya bonge pamoja na adui. Dawa inayokuja baada ya saa tatu inakuta nyumba imekwisha jengwa na milango imefungwa. Haijalishi tena utaimimina kwa siku ngapi.

Kutoka kwa simbilisi hadi kwa binadamu ilichukua muda, na hapa nitapita haraka kidogo, kwa kuwa kila hatua ni jaribio juu ya jaribio. Mwaka 1969 Hiram Polk na mwenzake huko Marekani walionyesha kwamba dawa iliyotolewa kabla ya upasuaji wa tumbo hupunguza usaha wa mshono. Katikati ya miaka ya 1970 watafiti wa Marekani waliweka kinyesi ndani ya matumbo ya panya wakagundua maradhi mawili yanayofuatana. Kwanza ni homa kali inayoua upesi, kazi ya bakteria wanaopenda hewa. Kisha kwa waliosalia ni majipu, kazi ya wale wanaoikimbia. Dawa iliyoua kundi la kwanza iliwaokoa panya lakini ikawaachia majipu. Iliyoua kundi la pili ilizuia majipu lakini haikuzuia vifo. Kwa utumbo mpana, basi, ilihitajika kinga dhidi ya makundi yote mawili. Dawa ya kundi la pili ilikuwa tayari madukani kwa kazi nyingine. Metronidazo ilianza kutumika karibu 1960 kwa ugonjwa wa njia ya uzazi, na mwaka 1962 daktari wa meno aitwaye Shinn akaeleza jinsi mgonjwa aliyeimeza kwa ajili hiyo alivyopona pia vidonda vya fizi. Fizi zilitoa siri kwamba dawa hii inaua bakteria wasiohitaji hewa, na hospitali ya Luton chini ya A. T. Willis ikaitumia kukinga matumbo yaliyopasuliwa. Ndiyo ileile ambayo watu wa kwetu huiita flajili na kuinunua duka la dawa kila tumbo linapowasokota, mara nyingi bila sababu.

Mwaka 1977 madaktari Clarke, Condon na wenzao walichapisha jaribio ambamo hata daktari hakujua nani kapewa dawa na nani kapewa vidonge vitupu siku moja kabla ya upasuaji wa utumbo mpana. Wenye vidonge vitupu walipata maambukizi 43 kwa mia. Wenye dawa 9 kwa mia. Miaka minne baadaye Baum na wenzake walijumlisha majaribio 26 yaliyochapishwa kati ya 1965 na 1980. Usaha ulishuka kutoka 36 hadi 22 kwa mia, na vifo vilishuka kutoka 11.2 hadi 4.5 kwa mia. Hitimisho lao lilihusu dhamiri kuliko hesabu: kuanzia sasa ni kosa kumfanyia mtu yeyote jaribio ambamo ananyimwa kinga hii. Ushahidi haukuacha kuongezeka. Mapitio ya mwaka 2014 yalijumlisha majaribio 260 yenye wagonjwa zaidi ya 43,000, na kukuta kwamba kinga hupunguza usaha wa mshono kutoka takriban 39 hadi 13 kwa mia.

Msomaji wa Tabora ana haki ya kuuliza wagonjwa hawa walikuwa nani. Wengi walikuwa watu wa Ulaya na Marekani wenye saratani ya utumbo, waliopangiwa siku, wakafungishwa chakula, wakasafishwa tumbo, wakaingia chumba cha upasuaji kwa utulivu. Katika Afrika Mashariki ya wakati huo mgonjwa wa namna hiyo alikuwa nadra. Denis Burkitt, aliyefanya kazi Uganda kuanzia 1946 hadi miaka ya 1960, alijenga sehemu kubwa ya jina lake juu ya uchache wa saratani hiyo kwa watu wanaokula vyakula vyenye makapi mengi. Utumbo uliopasuliwa huku ulikuwa wa aina nyingine: uliojisokota, ulionaswa ndani ya ngiri, uliotobolewa na homa ya matumbo. J. J. Shepherd alipoandika mwaka 1968 juu ya kujisokota kwa utumbo mpana nchini Uganda alikuwa na wagonjwa 425, idadi ambayo madaktari wengi wa Ulaya hawangeifikia maisha yao yote. Hao ni wagonjwa wanaoletwa usiku, wamekaa nyumbani siku mbili wakijaribu dawa za miti shamba, tumbo limevimba, hakuna cha kusafisha wala cha kufungishwa. Maeneo kama Ulyankulu yaliongeza sababu zake. Mwaka 1972 yalifunguliwa huko makazi ya wakimbizi kutoka Burundi, yakajaa kupita uwezo wa maji na ardhi yake, hata mwishoni mwa muongo huo maelfu wakahamishiwa makazi mengine ya Mishamo. Penye watu wengi na maji haba, homa ya matumbo haihitaji kualikwa.

Hapa ndipo pingamizi la kwanza linaposimama, na ni pingamizi la maana. Watasema: ushahidi wenu unahusu utumbo ambao bado haujatoboka; wetu ukifika umeshatoboka. Ni kweli. Pale ambapo kinyesi kimeshamwagika tumboni hakuna tena cha kukingwa. Huo ni ugonjwa, na unatibiwa kwa siku kadhaa. Katika hospitali ya Bugando, Mwanza, wagonjwa 104 waliotoboka utumbo kwa homa ya matumbo walifuatiliwa, na zaidi ya mmoja kati ya kila watano alikufa. Hakuna dozi moja itakayofuta hesabu hiyo. Lakini pingamizi hili linahusu sehemu tu ya wagonjwa. Ngiri iliyonasa kwa saa sita, utumbo uliojisokota lakini haujaoza, kidole tumbo ambacho hakijapasuka, na leo hata saratani, ambayo sasa si nadra tena: hawa wote wanafika na utumbo uliofungwa. Kwao dakika muhimu ni ile inayotangulia kisu. Hata kwa yule aliyekwisha toboka, somo la simbilisi halibatiliki. Ngozi yake bado haijakatwa, na dawa ya matibabu inayoanzishwa kabla ya kukata huukinga mshono wake. Inayoanzishwa wodini kesho yake haiukingi.

Pingamizi la pili ni kubwa zaidi, na ndilo linaloendesha maisha ya wodi nyingi mpaka sasa: mazingira yetu ni machafu, wodi zimejaa, vitanda vimeshikana, kwa hiyo dozi moja ni ya watu wa Ulaya, sisi lazima tutoe siku saba. Linasikika kama busara ya mtu anayeijua nchi yake. Tulipime. Katika hospitali ya KCMC, Moshi, utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulikuta karibu mgonjwa mmoja kati ya watano waliopasuliwa akipata maambukizi ya kidonda, na wengi wa hao walikuwa wamepewa antibiotiki. Bugando, mwaka 2011, ilikuwa wagonjwa 26 kwa mia kati ya 250. Kama wingi wa dawa ungetosha, hospitali ambazo karibu kila mgonjwa hutoka na sindano zingekuwa na vidonda visafi kuliko zote. Mfano ulio wazi zaidi ni wa Thika, Kenya. Huko, kabla ya sera mpya, wasiofikia wawili kwa mia ya waliopasuliwa walipewa antibiotiki kabla ya kisu, huku karibu wote wakipewa baada yake. Hospitali ilikubaliana kugeuza ratiba. Ndani ya wiki moja waliopata dawa kabla ya kisu walifika 60 kwa mia, na ndani ya wiki sita 98. Dawa za baada ya upasuaji zikapungua sana, na maambukizi ya juu ya ngozi hayakupanda kama ilivyohofiwa, bali yalishuka. Majengo yalikuwa yaleyale, vitanda vilevile na bajeti ileile, pengine na nafuu, kwa kuwa dozi moja ina bomba moja la sindano na dakika chache za muuguzi, ilhali wiki nzima ina ishirini.

Uchafu wa wodi ni tatizo halisi, lakini dawa ya siku saba si dawa yake. Mshono uliofungwa vizuri huwa umejiziba ndani ya siku mbili hivi. Bakteria wanaoleta usaha wiki ijayo wengi wao waliingia mezani. Wanaobaki wodini ni wale walioshinda dawa, na kila siku ya ziada ya sindano inawachagua hao na kuwafuga. Hapo linakuja pingamizi la tatu, ambalo sidhani lina jibu kamili. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2018, wa wagonjwa 12,539 wa upasuaji wa tumbo katika nchi 66, ulikuta maambukizi ya kidonda 9.4 kwa mia katika nchi tajiri na 23.2 katika nchi maskini. Na katika nchi maskini, zaidi ya theluthi ya vidonda vilivyopimwa vilikuwa na bakteria wasiojali dawa ya kinga iliyotumika. Kirangozi anaweza kuwa mbele na bado asiijue njia. Kuchagua dawa inayofaa kunahitaji maabara inayootesha usaha na kusema ni nani yuko humo. Hiyo ipo Dar es Salaam na Mwanza, lakini hospitali nyingi za wilaya hazina. Hata hivyo pingamizi hili haliteti siku saba. Linazishitaki, kwa sababu ni siku hizo saba, zikizidishwa kwa kila mgonjwa wa kila wodi, zilizowafundisha bakteria ujuzi walio nao.

Wapo pia wanaotaka kurudi kwa Lister: tuoshe mikono, tuchemshe vyombo, tuache dawa. Hawa wana haki kuliko wanavyopewa. Hospitali za Kenya, Uganda, Zambia na Zimbabwe zilizojiunga katika mpango mmoja wa kuosha ngozi vizuri, kuacha kunyoa nywele kwa wembe, kuandaa mikono na kutoa dawa kwa wakati zilishusha maambukizi kutoka 8.0 hadi 3.8 kwa mia. Angalia lakini kwamba dawa kwa wakati ilikuwa ndani ya mpango huo. Kwa utumbo mpana hakuna uchaguzi kati ya sabuni na sindano. Sabuni inamzuia adui wa nje. Wa ndani anangoja utumbo ukatwe. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 ulikusanya haya yote: dozi itolewe ndani ya saa mbili kabla ya kisu, kulingana na muda ambao dawa hukaa mwilini, isiendelezwe baada ya upasuaji kwa ajili ya kinga tu, na kumsafisha mgonjwa tumbo bila kumpa antibiotiki za kumeza kusifanywe, maana hakusaidii.

Tanzania haikuwa mtazamaji katika sehemu ya mwisho ya historia hii. Shirika la Afya Duniani lilipoijaribu orodha yake ya usalama wa upasuaji, kuanzia 2007 hadi 2008, lilichagua hospitali nane duniani: London, Seattle, Toronto, Auckland, Amman, New Delhi, Manila, na ya nane Ifakara. Orodha yenyewe ni karatasi moja. Kabla ya kisu watu wote chumbani wananyamaza, majina yanatajwa, jina la mgonjwa linasomwa, na swali moja linaulizwa kwa sauti: je, antibiotiki ya kinga imetolewa katika dakika 60 zilizopita? Katika hospitali hizo nane kwa pamoja, vifo vilishuka kutoka 1.5 hadi 0.8 kwa mia, na matatizo baada ya upasuaji kutoka 11 hadi 7. Si sawa kusema swali la dawa peke yake lilifanya yote hayo. Lakini ni swali ambalo hospitali ya Ifakara iliweza kulijibu sawasawa na ya London, kwa kuwa halihitaji mashine. Linahitaji mtu mmoja anayejua kwamba kazi ya kuuliza ni yake. Katika wodi ambako muuguzi hudhani thieta imetoa, na thieta hudhani wodi imetoa, mgonjwa huingia mikono mitupu, na hapo ndipo mazoea ya siku saba huanza: ni njia ya kulipa deni lililosahaulika.

Kwa mgonjwa wa Ulyankulu swali la saa lina sura yake. Anaanza kwenye kituo cha afya; akihitaji upasuaji mkubwa anapakiwa gari kwenda Kaliua au hospitali ya rufaa ya Kitete, Tabora, kwa barabara ambayo masika huifanya iwe ndefu kuliko ilivyo. Ikiwa utumbo umeshatoboka, sindano ya kwanza ni ya kituo cha afya, kabla ya gari kuondoka, na saa yake iandikwe kwenye karatasi ya rufaa. Ikiwa haujatoboka, sindano ya kinga iliyochomwa Ulyankulu huweza kuwa imekwisha nguvu kabla ya kisu cha Kitete. Basi ni ya Kitete, chumbani, na mtoa nusu kaputi ndiye anayefaa kuishika, kwa sababu ndiye anayekuwapo kila mara na ndiye mwenye mshipa mkononi. Upasuaji ukivuka saa nne hivi kwa dawa inayoisha upesi, anarudia dozi. Katika faili la mgonjwa aliyehudumiwa hivyo huonekana mistari miwili iliyofuatana: saa nane na dakika ishirini, dawa; saa nane na dakika hamsini, kisu.